Kibendera, Kufuli na Kuwahiana: Istilahi za Kiini cha Kompyuta

Mfasiri aliyekabidhiwa mwongozo wa mafundi wa mitandao ya kompyuta, naye akaufuata neno kwa neno kwa msaada wa kamusi, aweza kuandika sentensi ifuatayo bila kosa lolote la sarufi: "Bendera ya atomiki huzuia mashindano ya data." Kila neno lililomo ni la Kiswahili au limekwisha kupokewa katika Kiswahili. Hata hivyo msomaji ataona gwaride, bomu na uwanja wa riadha, wala hataona kile alichokusudia mwandishi wa kwanza, yaani kwamba alama ndogo iliyomo katika kumbukumbu ya kompyuta ibadilishwe kwa tendo moja lisilogawika, ili vichakataji viwili visiharibiane kazi. Fundi atakayeisoma sentensi hiyo hataleta malalamiko popote. Ataufunga mwongozo na kurudi kwenye Kiingereza, na sisi tutaendelea kuamini kwamba kazi ya kutafsiri imekwisha.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, mjadala wa istilahi umekuwa ukirudi kwenye swali moja: je, neno lichaguliwe kwa kulitazama neno la kigeni, au kwa kuitazama dhana? Katika taaluma ya kompyuta swali hilo lilijibiwa upesi kwa upande wa mambo yanayoonekana kwenye kioo. Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004, watumiaji walipata maneno ya kuhariri, kuhifadhi na kuchapisha, na mengi kati ya hayo yamekaa vizuri. Lakini mambo ya ndani ya mashine yaliachwa kando, kwa dhana kwamba ni ya wataalamu wachache wanaojua Kiingereza. Dhana hiyo haina nguvu tena. Simu za Android zilizojaa mikononi mwetu zinaendeshwa na kiini cha Linux, na mwalimu wa chuo anayewaeleza wanafunzi kwa nini pakiti hupotea hapana budi atumie lugha fulani. Aghalabu hutumia Kiswahili chenye viraka.

Tuanze na neno kiini lenyewe. Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za programu, na inayopokea pakiti kutoka kwenye kadi ya mtandao kabla hazijafika kwa programu iliyozingoja. Neno hili linafaa, ila lina hatari moja: wafasiri wengine wamelitumia pia kwa vile vitengo vya kukokotoa vilivyo vingi ndani ya chipu moja. Matokeo yake ni sentensi kama "kiini huendeshwa katika viini vinane", ambayo haina faida kwa mtu yeyote. Katika makala haya kiini kitakuwa programu, na kila kitengo cha kukokotoa kitaitwa kichakataji, hata kama vinane vyake vimo katika chipu moja. Maadamu kila kimoja chaweza kufanya kazi yake wakati uleule na wenzake, jina hilo linakistahili.

Sasa tutazame bendera. Katika kiini cha kompyuta kila mawasiliano yaliyofunguliwa, ambayo mafundi huyaita soketi, huwa na kumbukumbu yake yenye habari nyingi, na baadhi ya habari hizo ni za ndiyo au siyo tu. Je, programu inataka kuarifiwa makosa ya mtandao? Je, inaruhusiwa kutumia anwani ambayo mashine haijaimiliki bado? Je, yenyewe ndiyo itakayoandika kichwa cha pakiti? Kila jibu lahitaji biti moja, na biti hiyo ndiyo Waingereza walioiita kwa jina la bendera. Wako wanaopendekeza kiashiria, lakini neno hilo limekwisha kubebeshwa mzigo wa uchumi na takwimu. Mimi naona kwamba Kiswahili kina neno lililokwisha kukomaa kwa maana hii hasa, nalo ni kibendera. Kila msikilizaji wa mpira katika redio amjua mshika kibendera. Kibendera chake hakina nembo ya taifa wala hakiimbiwi wimbo. Kikiwa juu kina maana, kikiwa chini kina maana, na hapana hali ya tatu. Zaidi ya hayo, mshika kibendera aweza kukiinua ilhali mwamuzi ametazama upande mwingine, na hapo ndipo matatizo ya makala haya yanapoanzia.

Kwa kuwa biti moja ni kitu kidogo mno, waandishi wa programu huvipanga vibendera vinane katika baiti moja, au thelathini na viwili katika neno moja la kumbukumbu. Hapa ndipo panapokosewa na wengi. Mashine haiwezi kuandika biti moja peke yake. Kwa kawaida huisoma baiti nzima, huigeuza biti inayohusika, kisha huiandika baiti nzima upya. Tuseme baiti ni 00000000. Kichakataji cha kwanza chataka kuinua kibendera cha mwisho, na cha pili chataka kuinua kibendera cha nne kutoka mwisho. Vyote viwili vimesoma 00000000. Cha kwanza kinaandika 00000001. Cha pili, ambacho hakina habari, kinaandika 00001000. Kibendera cha kwanza kimeshushwa bila mtu yeyote kuamuru kishushwe.

Watumishi wa ofisi watalitambua jambo hili mara moja. Makarani wawili wamelichukua jalada moja, kila mmoja akanakili ukurasa wa orodha ofisini kwake, akatia alama kwenye mstari wake, kisha akaurudisha ukurasa mpya na kuutupa ule wa zamani. Alama ya yule aliyetangulia kurudisha imekwenda na maji. Yafaa kusisitiza kwamba makarani hawa hawakugusa mstari mmoja. Kila mmoja alikuwa na wake. Kosa halikuwa la kugombania kitu kimoja bali la kuishi katika ukurasa mmoja. Sheria za lugha ya C, katika sanifu yake ya mwaka 2011, zinasema waziwazi kwamba biti zilizopangwa jirani huhesabiwa kuwa ni mahali pamoja katika kumbukumbu, na kwamba kuziandika kwa wakati mmoja bila uratibu ni kosa ambalo matokeo yake hayadhaminiwi.

Kosa hilo ndilo lililoitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya mbio. "Mashindano" halifai, kwa sababu mashindano yana washindani wanaojuana na mshindi anayetafutwa. Vichakataji vyetu havijuani, na atakayeshinda hana tuzo. Kitenzi kinachofaa ni kuwahiana. Abiria wawili huwahiana kiti cha daladala. Nani atakipata hutegemea nani ametangulia kwa nukta moja, na kesho huenda ikawa kinyume. Sifa hiyo ya kutotabirika ndiyo kiini cha dhana (kiini kwa maana ya kawaida, msomaji aniwie radhi). Kutoka katika kitenzi hicho twaweza kunyambua mwahiano, na kusema mwahiano wa data. Neno hili ni geni masikioni, lakini umbo lake ni la mpambano na mgongano, na mzizi wake haumhitaji mtu kufungua kamusi.

Dawa ya kwanza ya mwahiano ni kufuli. Anayetaka kubadilisha sharti aishike kufuli kwanza, na mwingine angoje. Dawa hii ni ya hakika na ni rahisi kufundisha. Linux ilipoanza kuendeshwa katika mashine zenye vichakataji vingi kwa toleo la 2.0 la mwaka 1996, ilikuwa na kufuli kuu moja kwa kiini kizima, na kufuli hiyo iliondolewa kabisa mwaka 2011 tu, baada ya kazi zake kugawanywa kwa miaka mingi miongoni mwa kufuli ndogondogo. Sababu ya kuihangaikia ni gharama. Katika mtandao wa gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti za ukubwa wa chini kabisa zaweza kufika milioni 14.88 kila sekunde, yaani nanosekunde 67 kwa kila pakiti. Kichakataji cha gigahezi 3 kina takriban mapigo 200 ya kuimaliza pakiti moja. Katika gigabiti 100 yanabaki mapigo 20. Aliyesimama mlangoni kungoja kufuli kwa ajili ya kusoma biti moja amekwisha kupitwa na pakiti kadhaa.

Dawa ya pili ni kumpa kila karani ukurasa wake: kibendera kimoja, baiti moja. Hapo hapana haja ya kufuli wala ya tendo maalumu, kwa kuwa anayeandika haugusi mstari wa jirani. Hasara yake ni nafasi. Vibendera 20 vilivyokaa katika baiti 3 sasa vyataka baiti 20, na seva yenye soketi milioni moja italipa megabaiti 17 za ziada kwa jambo hilo peke yake. Wala usalama wenyewe si wa milele. Vichakataji vya kwanza vya Alpha, vilivyotoka mwaka 1992, havikuwa na amri ya kuandika baiti moja. Vilisoma neno zima na kuliandika upya, na hivyo ukurasa wa kila karani ukageuka kuwa ukurasa wa wote. Linux iliacha kuvihudumia vichakataji hivyo vya zamani katika toleo la 6.10 la mwaka 2024. Hata pale ambapo baiti ni salama, yafaa mwandishi amwambie mkusanyaji wa programu kwamba mahali hapa pasomwe mara moja tu na paandikwe mara moja tu, maana mkusanyaji, kwa nia njema ya kuharakisha mambo, aweza kusoma mara mbili na kupata majibu mawili tofauti. Kiini cha Linux kina alama mbili za kazi hiyo, na tafsiri ya majina yake haina ubishi: soma-mara-moja na andika-mara-moja.

Dawa ya tatu ndiyo iliyoleta neno la atomu. Kichakataji chaweza kuamriwa kusoma, kugeuza na kuandika kwa tendo moja, bila mwingine kupenya katikati. Wayunani walilitumia neno lao kwa maana ya kitu kisichokatika. Kwetu neno atomiki lilifika kwa njia ya fizikia na mabomu, na leo tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki. Haifai kulirudisha katika maana ambayo halikuwahi kuwa nayo katika Kiswahili. Wapo waliopendekeza "tendo lisilokatizwa". Pendekezo hilo lilitosha zama za kichakataji kimoja, ambapo hatari pekee ilikuwa kazi kukatizwa na nyingine kuingia. Siku hizi kichakataji cha pili hakina haja ya kumkatiza mwenzake. Kinaandika wakati uleule kutoka upande wa pili. Kwa hiyo tendo lisilogawika ni bora. Tofauti hii si ya mapambo. Mwanafunzi aliyefundishwa "lisilokatizwa" atazima vikatizi katika kichakataji chake, na ataamini kwamba yu salama.

Tendo lisilogawika nalo si la bure. Vichakataji havisomi kumbukumbu kuu moja kwa moja. Kila kimoja kina hifadhi yake ya karibu, na data huingia humo kwa mafungu, ambayo katika vichakataji vingi vya sasa ni ya baiti 64. Anayetaka kuandika hapana budi alimiliki fungu zima peke yake, na wenzake wazitupe nakala zao. Vichakataji viwili vinavyoandika katika fungu moja hulirushiana kama mpira, hata kama kila kimoja kina kibendera chake. Ndiyo maana waandishi hodari huuliza kwanza kama kibendera kimekwisha kuinuliwa, na huacha kuandika kikiwa kimeinuliwa, kwa sababu kusoma hakumnyang'anyi mtu fungu. Mwaka 2023, katika toleo la 6.6, vibendera kadhaa vya soketi za intaneti vilihamishwa kutoka katika biti za kawaida zilizopangwa jirani, vikawekwa katika neno moja linalobadilishwa kwa matendo yasiyogawika. Nafasi ikabaki ndogo, na programu ikaweza kubadilisha baadhi ya chaguo za soketi bila kuishika kufuli ya soketi. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, maana vibendera hivyo huandikwa mara chache na kusomwa mara nyingi. Kama ingekuwa kinyume, hesabu ingekuwa nyingine.

Kugunduliwa kwa miahiano hiyo kulisaidiwa sana na chombo kilichoingizwa katika toleo la 5.8 mwaka 2020, kijulikanacho kwa kifupi cha KCSAN. Chombo hiki huchagua mahali katika kumbukumbu, hukikawiza kwa makusudi kichakataji kinachopagusa, kisha hutazama kama mwingine atapagusa katika kipindi hicho. Kikimpata, hutoa ripoti. Baada ya ripoti, mwanadamu ndiye anayeamua. Miahiano mingine huachwa kwa kujua, mathalani pale kosa dogo katika hesabu ya takwimu haliwezi kumdhuru mtu, na hapo mwandishi hutia alama ya kuonyesha kwamba amekubali. Kwa hali hiyo twahitaji istilahi mbili, mwahiano na mwahiano uliokubaliwa. Mfasiri anayeandika "kosa" kila mahali atakuwa ameuhukumu uamuzi ambao hakuuelewa.

Kuna vibendera ambavyo hata tendo lisilogawika halivitoshi. Kadi ya mtandao inapopokea pakiti humkatiza kichakataji, naye huinua kibendera cha "kazi imepangwa" kwa tendo la jaribu-na-inua: aliyekikuta chini ndiye anayepanga kazi, aliyekikuta juu huondoka. Kisha mtumishi mmoja huzichota pakiti kwa mkupuo, na akimaliza hukishusha kibendera. Je, mwingine akija kupanga kazi wakati mtumishi amekwisha kuchungulia na kuona hapana kitu, lakini hajakishusha kibendera? Mgeni atakiona kiko juu, ataondoka, na pakiti itabaki mlangoni mpaka nyingine ije kugonga. Mwaka 2017 kiliongezwa kibendera cha pili, chenye maana ya "amekuja mtu ukamkosa". Mgeni anayekuta kazi imepangwa hukiinua hicho, na mtumishi haruhusiwi kwenda zake kabla ya kukitazama. Vibendera vyote viwili sharti vitazamwe na kubadilishwa kwa pamoja.

Tatizo jingine ni la mfuatano. Kichakataji cha kwanza kinaandika data, kisha kinainua kibendera cha "tayari". Cha pili kinaona kibendera na kusoma data. Katika vichakataji vya jamii ya x86 maandishi mawili huonekana kwa wengine kwa mfuatano ulioandikwa. Katika vichakataji vya ARM, ambavyo ndivyo vilivyomo katika simu zetu, hapana ahadi hiyo: kibendera chaweza kuonekana kabla ya data, kama mwenye duka atundikaye tangazo la sukari mpya hali lori liko Chalinze. Programu iliyojaribiwa miaka mitatu katika seva yaweza kuharibika siku ya kwanza katika simu. Amri inayolazimisha mfuatano huo imetafsiriwa na wengine kuwa "kizuizi cha kumbukumbu", na nimemwona mwanafunzi akidhani ni ugonjwa wa kusahau. Napendekeza mpaka wa mfuatano.

Linabaki jina la taaluma nzima. Watumiaji wa simu wamezoea kuliona neno sawazisha, kwa maana ya kuzifanya nakala za simu na za seva ziwe sawa, na kwa kazi hiyo halina ubaya. Lakini katika kiini hatutafuti usawa. Twatafuta kila mmoja apate zamu yake kwa utaratibu. "Ulandanishi" nalo laelekea kwenye kufanana. Neno uratibu latosha kwa maana pana, na kwa ile maana finyu ya mmoja kuingia wakati mwingine amengoja, kupishana ni bora kuliko "utengano wa pande mbili" ambao umejitokeza katika baadhi ya tafsiri. Treni katika njia moja hupishana stesheni, na hakuna abiria asiyejua lingetokea nini zisipopishana. Edsger Dijkstra wa Uholanzi, katika miaka ya 1960, aliipa zana yake ya kupishanisha kazi jina la semafo, ambalo ni ile nguzo ya ishara ya reli. Wakati mwingine kukopa dhana kutoka mahali ilikotoka ni kufupi kuliko kukopa jina lake.

Kama yupo anayeona kwamba haya ni mabishano ya wanaisimu, na atazame mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, huko Marekani na Kanada, wagonjwa sita walipigwa mionzi kupita kiasi mno, na baadhi yao wakafa. Haikuwa na uhusiano na mitandao, lakini kazi kadhaa katika programu yake zilishirikiana kumbukumbu bila uratibu. Katika ajali ya Yakima ya mwaka 1987, kibendera chenye maana ya "kagua kwanza" kilikuwa baiti moja, na mahali pa kukiandikia thamani maalumu, programu ilikiongezea moja kila ilipopita. Baiti haiwezi kupita 255. Kila mara ya 256 ilirudi sifuri, sifuri ikasomwa kuwa hapana la kukagua, na mtu akibonyeza kitufe katika nukta hiyo, ukaguzi ulirukwa. Mwongozo wa kumfundisha fundi wa hospitali asili ya kosa la namna hiyo hauwezi kuandikwa kwa "bendera ya atomiki".

Istilahi moja bado imenishinda. Miundo isiyotumia kufuli husifiwa na mafundi, na majina yake ya Kiingereza yana sauti ya uhuru. Kwa Kiswahili "bila kufuli" ni nyumba iliyoachwa wazi, na mwenyewe amesafiri. "Isiyohitaji kufuli" ni afadhali kidogo, lakini ni ndefu, nayo haitofautishi muundo ambao angalau mmoja daima husonga mbele na ule ambao kila mmoja husonga mbele bila kungoja. Huu wa pili twaweza kuuita usiongojana. Ule wa kwanza nauacha kwa wasomaji, hasa walimu wanaolazimika kuutaja darasani kila muhula na ambao bila shaka wamekwisha kuuita kwa jina fulani.